Mchicha pori kati ya msongamano na joto

Mchicha pori, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Amaranthus retroflexus, ni gugu lenye asili ya Amerika ambalo leo humea mashambani katika mabara mengi. Likipata nafasi, maji na jua la kutosha, hurefuka hadi kufikia mita 2, hutoa matawi kila upande, na mmea mmoja mkubwa huweza kuzaa mbegu zaidi ya 100,000. Mmea mwingine wa aina hiyohiyo, ulioota kwa kuchelewa katikati ya kundi la wenzake, huweza kukomaa ukiwa na urefu wa sentimita chache tu, bila tawi hata moja, ukaacha mbegu za kuhesabika na kufa. Tofauti hiyo haihitaji nasaba mbili: mbegu zilizotoka katika kichala kimoja zinaweza kuishia katika hali hizo mbili.

Anayeuliza sababu hujibiwa kwa kawaida kwamba ni msongamano, au kwamba ni joto. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini kila moja likitolewa peke yake hupotosha, kwa kuwa joto hubadilisha ukali wa msongamano, na msongamano nao hubadilisha joto ambalo mmea na mbegu hulipata. Ili fundo hili lifunguke, inafaa kwanza kila uzi ufuatwe peke yake, kisha tutazame pale zinapokutana.

Hesabu ya msongamano

Msongamano ndio wenye hesabu iliyo wazi zaidi. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Japani wakiwamo Tatuo Kira na Kichiro Shinozaki walipanda mimea kwa viwango mbalimbali vya msongamano na kufuatilia uzito wake mkavu, yaani uzito unaobaki baada ya maji yote kukaushwa. Mwanzoni, miche ikiwa midogo na haijagusana, eneo lenye miche mara kumi huwa na uzito karibu mara kumi. Siku zinavyosonga tofauti hiyo hufifia, na mwishowe eneo lililoanza na miche ya wastani na eneo lililoanza na miche mingi mno hutoa jumla ya uzito inayokaribiana sana. Ardhi, maji na mwanga vina kikomo, na kikomo hicho kikifikiwa, kuongeza idadi ya mimea ni kugawanya kilekile kwa wengi zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ikiwa mita moja ya mraba inaweza kubeba gramu 1,000 za mmea mkavu, basi mimea 50 itakuwa na wastani wa gramu 20 kila mmoja, na mimea 500 itakuwa na wastani wa gramu 2. Palizi ya nusunusu ikipunguza mimea kutoka 500 hadi 250, jumla ya gugu mwishoni mwa msimu inaweza isipungue kabisa, kwa sababu iliyobaki hunenepa kwa kile ambacho iliyong'olewa ingekitumia. Kwa upande wa mazao, Roger Cousens alionyesha mwaka 1985 kwamba hasara hufuata mkunjo wa namna hiyohiyo: magugu machache ya kwanza ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa kila mmea, na yanayofuata huongeza hasara kwa kiasi kinachozidi kupungua. Kwa maoni yangu hili ni jambo linalopuuzwa kuliko yote katika mazungumzo kuhusu magugu, kwa kuwa macho huhesabu vichwa ilhali shamba hupoteza maji, mbolea na mwanga.

Hata hivyo, wastani huficha mengi. Katika kundi lililosongamana mimea haigawani sawa. Chini ya ardhi, mzizi hupata maji na madini kwa kadiri inayolingana na ukubwa wake. Juu ya ardhi mambo ni tofauti, kwa sababu mwanga hutoka juu, na mmea uliowazidi wenzake kwa sentimita mbili hauchukui ziada ndogo inayolingana na sentimita hizo mbili, bali huchukua mwanga kwanza na kuwaachia wa chini masalio. Tofauti ndogo ya mwanzo, labda ya mche kuota siku mbili kabla ya jirani, hukuzwa wiki baada ya wiki hadi kundi linapokuwa na vigogo wachache juu na umati wa mimea dhaifu chini.

Baadaye wale wa chini huanza kufa. Mwaka 1963 Kyoji Yoda na wenzake waliliweka jambo hili katika kanuni inayohusisha idadi ya mimea iliyo hai na uzito wa wastani wa mmea: uzito huo hupanda kwa kipeo cha hasi 3/2 cha idadi. Kwa lugha ya kawaida, kundi linapojipunguza hadi kubaki robo ya idadi yake, kila aliyebaki huwa na uzito wa wastani mara 8 ya ule wa awali, na jumla ya uzito katika eneo huwa imeongezeka mara mbili. Maelezo ya zamani ya kipeo hicho ni ya kijiometri, kwamba eneo linalofunikwa na mmea hukua kwa mraba wa urefu ilhali uzito hukua kwa mchemraba wake. Baadaye walijitokeza watafiti waliotetea kipeo cha hasi 4/3 kwa hoja za namna mimea inavyosafirisha maji na chakula ndani yake, na mjadala huo haujafungwa. Kwa mada yetu kipeo si muhimu sana. La muhimu ni kwamba vifo hivi haviamuliwi na kalenda, bali na ukuaji: kundi linalokua haraka hufika mapema kwenye hatua ya kufa, na hapo ndipo joto linapoingia.

Saa ya joto

Mmea hauna namna ya kujipasha moto kama mnyama, kwa hiyo kasi ya karibu kila kitu ndani yake hufuata joto la mazingira. Kwa kila aina ya mmea kuna kiwango ambacho chini yake ukuaji husimama au huwa mdogo kiasi cha kutohesabika. Kwa mchicha pori kiwango hicho hukadiriwa kuwa karibu na nyuzijoto 10 za Selsiasi. Wataalamu wa kilimo hutumia kiwango hicho kupima muda kwa kipimo kinachoweza kuitwa siku za joto: huchukua wastani wa joto la siku, hutoa kiwango cha chini, na hujumlisha mabaki siku hadi siku. Siku yenye wastani wa nyuzi 20 huchangia 10, na yenye wastani wa nyuzi 25 huchangia 15. Kwa hiyo, ongezeko la nyuzi 5 tu, ambalo mtu angeliona dogo, huharakisha saa ya gugu hili kwa nusu nzima. Hesabu hii hufanya kazi vizuri katikati ya kiwango cha joto ambacho mmea hukistahimili, na huharibika karibu na kingo zake, hasa joto linapokuwa kali hata likaanza kuidhuru mashine yenyewe ya ukuaji.

Mchicha pori una sababu ya pili ya kupenda joto. Mimea mingi hunasa hewa ya kaboni dioksaidi moja kwa moja kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kina kasoro ya kunasa oksijeni kwa makosa, na kosa hilo humgharimu mmea kaboni aliyokwisha kuipata. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kosa linavyozidi. Mchicha pori ni miongoni mwa mimea ya kundi la C4, ambayo kwanza hunasa kaboni dioksaidi kwa kimeng'enya kingine kisicho na kasoro hiyo, kisha huisukuma na kuirundika katika seli za ndani zinazozunguka mishipa ya jani, ambako rubisko hufanya kazi ikiwa imezingirwa na kaboni dioksaidi nyingi kiasi kwamba oksijeni haipati nafasi. Ndiyo maana usanisinuru wa mchicha pori huwa katika ubora wake jani likiwa na joto la nyuzi 30 hadi 40, wakati ambapo mimea mingi ya kawaida imekwisha kuanza kurudi nyuma.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1981 na Robert Pearcy na wenzake linaonyesha vizuri maana ya jambo hili katika ushindani. Walichanganya mchicha pori na Chenopodium album, gugu lingine la kawaida ambalo halina mfumo wa C4, wakavikuza pamoja katika joto la aina tatu. Katika mazingira ya baridi, yenye nyuzi 17 mchana, Chenopodium ilikuwa na nguvu zaidi. Katika joto la nyuzi 34 mchana, mchicha pori ulitawala. Na katika joto la kati, la nyuzi 25, mimea hiyo miwili ilikaribiana. Anayesema kwamba gugu fulani ni shindani kuliko jingine, bila kutaja joto, amesema nusu ya jambo.

Chombo kimoja, habari mbili

Hadi hapa msongamano na joto vinaonekana kama mambo mawili yanayojumlishwa. Ndani ya mmea hali si hiyo.

Mmea hutambua majirani kabla hawajaukinga na jua. Majani hufyonza sana mwanga mwekundu, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanometa 660, lakini huakisi na kupitisha mwanga mwekundu wa mbali, wa takriban nanometa 730, ambao jicho la binadamu huuona kwa shida. Mahali pa wazi aina hizi mbili za mwanga hufika kwa viwango vinavyokaribiana. Mahali penye majani mengi, mwanga mwekundu hupungua na ule wa mbali hubaki, na hata mwanga unaoakisiwa kutoka pembeni na jirani ambaye bado ni mfupi hubeba dalili hiyo. Carlos Ballaré na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba miche huanza kurefusha mashina kwa kuongozwa na mwakisiko huo, kabla ya kivuli chenyewe kuwafikia.

Chombo kinachopima uwiano huo ni protini ziitwazo fitokromu. Fitokromu ina maumbo mawili: mwanga mwekundu huigeuza kuwa na umbo lenye nguvu ya kufanya kazi, na mwanga mwekundu wa mbali huirudisha katika umbo lisilofanya kazi. Ikiwa katika umbo tendaji, huzuia protini nyingine zinazochochea utengenezaji wa homoni ya auksini, na shina hubaki fupi na imara. Majirani wakiongezeka, umbo tendaji hupungua, kizuizi hulegea, auksini huongezeka, shina na vikonyo vya majani hurefuka, majani huinuka, na matawi ya pembeni hukandamizwa.

Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Philip Wigge nchini Uingereza na jingine na Jorge Casal nchini Argentina, yalionyesha kwamba fitokromu B, mojawapo ya protini hizo, hupima joto pia. Umbo tendaji hurudi katika umbo lisilofanya kazi lenyewe, hata bila mwanga wowote, na kasi ya kurudi huko huongezeka joto linapopanda. Kazi hiyo ilifanywa kwa Arabidopsis thaliana, ambayo nayo ni gugu dogo, wa ukoo mmoja na kabichi, lililogeuka kuwa mmea unaochunguzwa kuliko mwingine wowote maabara. Fitokromu zenyewe zimo katika mimea yote yenye mbegu. Mchana wa jua kali, mwanga huigeuza fitokromu haraka kiasi kwamba athari ya joto humezwa. Usiku na kwenye kivuli, joto hupata nafasi ya kutawala.

Kwa hiyo, mche ulio katikati ya kundi lenye msongamano, wakati wa usiku wenye joto, hupokea habari mbili kupitia mlango mmoja, na zote mbili husema jambo lilelile: refuka. Matokeo yake ni shina refu, jembamba, lililowekeza kidogo katika mizizi na matawi. Inashangaza kidogo kwamba umbo moja linaweza kuwa jibu la mahitaji mawili, kwa kuwa kuinua majani na kurefusha vikonyo husaidia kuufikia mwanga, na katika mmea mdogo ulio karibu na udongo wa moto husaidia pia majani kupoa. Lakini mmea haufanyi majadiliano kuhusu sababu. Ukipata habari kutoka pande zote mbili kwa pamoja huweza kurefuka hadi ukashindwa kujibeba, ukaanguka kwa upepo au mvua.

Upande wa chakula nako athari hazijumlishwi kirahisi. Faida ya mfumo wa C4 hulipiwa kwa nishati ya ziada, nayo nishati hutoka kwenye mwanga. Jani la juu, linalopigwa na jua, hulipa gharama hiyo bila shida na huvuna faida yote ya joto. Jani la chini, lililo kivulini, halina nishati ya kutosha kulipa, na wakati huohuo kupumua kwake, yaani kuchoma sukari ili seli ziendelee kuishi, huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, ingawa mmea uliokaa muda mrefu katika joto hujirekebisha kwa kiasi fulani. Hivyo joto linaloneemesha vigogo wa juu ndilo linalowamalizia akiba waliozibwa chini yao. Katika kundi lenye nafasi, kupanda kwa joto ni habari njema kwa mchicha pori karibu wote. Katika kundi lililobanana, huongeza pengo kati ya wakubwa na wadogo na kuharakisha vifo. Wastani wa uzito kwa mmea unaweza kupanda, na mtazamaji akadhani mimea yote imenufaika, kumbe wastani umepanda kwa sababu walio wadogo wamekufa na kutoka katika hesabu.

Msongamano unapobadilisha joto

Njia ya kinyume hutajwa mara chache, ingawa kwa gugu ina uzito mkubwa. Majani yakifunga juu ya ardhi, udongo hauchomwi na jua mchana wala haupotezi joto lake haraka usiku. Sentimita chache za juu, ambazo mahali pa wazi hupanda na kushuka sana kati ya alasiri na alfajiri, hutulia. Mwaka 1977 Ken Thompson na Philip Grime walionyesha kwamba mbegu za aina nyingi za mimea huchochewa kuota na mabadiliko hayo ya joto kati ya mchana na usiku, na mbegu za mchicha pori nazo huota vizuri zaidi joto linapopanda na kushuka kuliko linapokuwa tulivu. Kwa mbegu ndogo ya takriban milimita moja, ambayo ikiota kwenye kina kirefu au chini ya kivuli kizito hufa kabla ya kujitegemea, kutulia kwa joto ni dalili kwamba mahali pameshikwa na wengine au kwamba udongo ulio juu yake ni mnene mno. Basi hungoja. Katika jaribio ambalo William James Beal alilianzisha mwaka 1879 huko Michigan kwa kuzika chupa za mbegu, mbegu za mchicha pori zilikuwa bado na uwezo wa kuota baada ya miaka 40.

Hapo palizi hupata sura nyingine. Kung'oa gugu kubwa hakufungui mwanga tu kwa miche iliyobaki. Hurudisha pia mpando na mshuko wa joto katika udongo, na kwa siku chache zijazo mbegu zilizokuwa zimelala hupokea ruhusa ya kuota. Ikiwa msimu ni wa joto, kundi jipya hutokea haraka. Ikiwa ni wa baridi, huchelewa, na zao lililokwisha kusimama huweza kufunga majani yake kwanza.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Kwa kuwa somo hili ni rahisi kulijaribu kwa vyungu na mbegu, hujaribiwa sana shuleni na vyuoni, na makosa yake hujirudia. Kosa la kwanza ni kupima urefu na kuuita ukuaji. Mmea uliobanwa na majirani mara nyingi ni mrefu kuliko ulio peke yake wa umri uleule, huku uzito wake ukiwa sehemu ndogo tu ya uzito wa mwenzake. Anayetumia rula pekee atahitimisha kwamba msongamano huneemesha. Uzito mkavu ndio kipimo, tena uandikwe kwa namna mbili, kwa mmea na kwa eneo, kwa kuwa namba hizo mbili huenda pande tofauti. Idadi ya waliokufa nayo ni matokeo, si usumbufu wa kufutwa kwenye jedwali.

Kosa la pili ni la taa. Taa nyingi za mirija ya floresenti hutoa mwanga mwekundu wa mbali kidogo sana, hivyo mimea iliyosongamana chini yake haipokei ipasavyo ile dalili ya kuwapo kwa majirani. Jaribio la msongamano chini ya taa hizo hupima njaa ya mwanga, maji na madini, lakini huacha nje sehemu kubwa ya mwitikio ambao ungeonekana chini ya jua.

Kosa la tatu ni la muda, na ndilo gumu zaidi kuligundua. Mimea iliyokuzwa katika nyuzi 20 na ile ya nyuzi 30 ikipimwa siku ya thelathini, inalinganishwa mitoto na mikubwa. Kwa kiwango cha chini cha nyuzi 10, ile ya kwanza imepata siku za joto 300 na ya pili 600; ya pili imekua zaidi na kwa hiyo imebanana zaidi, hata kama mbegu zilizopandwa zilikuwa sawa kwa idadi. Njia ya haki ni kukuza kila kiwango cha msongamano katika kila kiwango cha joto, kupima mara kadhaa badala ya mara moja, kisha kuchora matokeo dhidi ya siku za joto badala ya tarehe. Mistari ya viwango mbalimbali vya joto ikilaliana, joto lilikuwa limebadilisha kasi tu. Isipolaliana, pengo linalobaki kati yake ndilo la kuchunguzwa, na jambo la kwanza la kutazama ni kama pengo hilo ni dogo kwenye vyungu vyenye mimea michache na pana kwenye vyungu vilivyojaa.